Meli iliyotoweka Philadelphia mwaka 1943: kweli au chai (stori ya kutunga)? Tufungue madaftari

FundiChogo

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kijana wa jirani kaja kibandani kwangu na simu mkononi, kanionesha klipu. Manowari ya Marekani imefunikwa na ukungu wa kijani, inayeyuka bandarini Philadelphia, inaibukia Norfolk, bandari nyingine mbali kusini, baada ya dakika chache imerudi pale pale. Mabaharia wamegandia kwenye vyuma, kiwiliwili ndani, mkono nje. Msimulizi ana sauti nzito utadhani anasoma tangazo la msiba. Kijana akaniuliza, "Fundi, wewe mambo ya sumaku unayajua. Hii inawezekana?"

Nikamwambia sumaku naijua, ila tuanze na aliyeona. Nani aliona?

Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Morris Jessup, alitoa kitabu kuhusu visahani vya angani. Januari 1956 akaanza kupokea barua za mtu anayejiita Carlos Allende. Mwandiko wa ajabu, herufi kubwa zimetupwa katikati ya sentensi ovyo ovyo. Allende anasema mwaka 1943 alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, Andrew Furuseth, na kwa macho yake aliona manowari ikitoweka. Eti Einstein alikuwa ameshakamilisha hesabu zake na Jeshi la Majini likazijaribu kimya kimya.

Halafu Jessup akaitwa Washington, Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Majini. Akaoneshwa nakala ya kitabu chake mwenyewe ambayo mtu asiyejulikana aliwatumia kwa posta, pembezoni imejazwa maandishi ya wino wa rangi tatu, kana kwamba watu watatu wanapiga soga humo ndani. Jessup akautambua mwandiko: wa Allende. Maofisa wawili pale walinogewa, na kampuni moja ya Texas, Varo, ikachapa nakala zaidi ya mia za kitabu hicho pamoja na yale maandishi ya pembeni. Hapo ndipo chai ilipopata muhuri. Hadi leo utaambiwa "jeshi lenyewe lilikichapisha."

Jessup alifariki Aprili 1959 huko Florida, na wenye stori wakamgeuza shahidi aliyenyamazishwa. Allende naye alikuja kujulikana mwaka 1980. Mtafiti Robert Goerman alimfuatilia mpaka kwao, New Kensington, Pennsylvania, akakuta jina lake ni Carl Allen. Familia ikamtolea makaratasi kwa malundo, yote kayajaza maandishi pembeni. Ndugu zake walimwelezea kama mtu wa akili nyingi anayependa kuwachezea watu shere.

Kwa hiyo mashahidi wote wa mwanzo ni mtu mmoja. Kabla ya barua zake hakuna baharia, mpakua mizigo, muuza baa wala mke wa baharia aliyewahi kusema meli imepotea. Bandari nzima ya Philadelphia, wakati wa vita, na koo lililosema ni moja!

Sasa madaftari. Manowari inayotajwa ni USS Eldridge, namba DE-173. Meli ya kivita ina daftari la safari, kila siku wanaandika walipo. Eldridge ilikabidhiwa jeshini New York tarehe 27 Agosti 1943. Septemba 16 ikaondoka kwenda Bermuda, kuanzia tarehe 18 ikawa huko mazoezini. Oktoba 15 ikatoka na msafara, Oktoba 18 ikaingia New York, ikakaa humo mpaka Novemba mosi. Novemba 2 ikaingia Norfolk, kesho yake ikaanza safari na msafara wa Casablanca, ikafika tarehe 22. Desemba 17 ikarudi New York, mwaka ukaisha. Philadelphia haikukanyaga.

Na hiyo Ofisi ya Utafiti inayosingiziwa jaribio ilianzishwa mwaka 1946. Ingefanyaje jaribio miaka mitatu kabla haijazaliwa?

Einstein, ukweli upo kidogo. Kuanzia Mei 1943 hadi Juni 1944 alikuwa mshauri wa muda wa Jeshi la Majini, kazi yake ikiwa nadharia ya milipuko. Chai nzuri siku zote ina kijiko kimoja cha sukari halisi.

Na sukari ya pili ndiyo inanihusu mimi fundi.

Wa umri wangu mnazikumbuka TV za chogo. Ukiweka spika kubwa pembeni, kona ya kioo inageuka zambarau, mtangazaji wa taarifa ya habari anakuwa na shavu la kijani. Nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu madogo sana. Likishika usumaku, miale inapinda na kuangukia rangi isiyo yake. Dawa ni koili: pete ya waya wa shaba, unaichomeka kwenye umeme, unaizungusha taratibu mbele ya kioo. Rangi zinacheza kama mafuta ya taa juu ya maji. Halafu unarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka kama mita mbili, ndipo unazima. Ukizima ukiwa karibu umeharibu zaidi. (Vijana wengi walikosea hapo, kisha wanamwambia mteja TV imekufa.)

Meli ni bati hilo hilo, kubwa tu. Chuma kikiundwa kinashika usumaku wa dunia. Mwaka 1939 Wajerumani walikuwa wakitega mabomu ambayo yanakaa chini ya maji na kulipuka yakihisi sumaku ya meli inayopita juu. Novemba mwaka huo moja lilidondoshwa na ndege kwenye tope la Shoeburyness, mlango wa mto Thames. Maji yalipokupwa, John Ouvry wa Jeshi la Majini la Uingereza akalifungua kwa mkono, na zana zisizoshika sumaku. Wakaelewa linavyofanya kazi, wakaanza kuzungushia meli nyaya nene zenye umeme kuua usumaku wake. Marekani wakafanya vivyo hivyo, na Philadelphia ilikuwa moja ya bandari za kazi hiyo.

Meli ikishafanyiwa hivyo bomu haliioni. Sasa chukua neno "haionekani", litoe gatini, lipitishe baa tatu, uone litafika likiwaje.

Karibuni.

Mbishi Asilia

Fundi umeandika vizuri ila umelala usingizi wa pono. Daftari la jeshi ndio ushahidi? Ulitegemea waandike "leo saa nne asubuhi tumetoweka, saa nne na robo tumerudi"? Serikali inapika hesabu za daraja la juzi, itashindwa na daftari la 1943? Na hiyo ya Philadelphia hadi Norfolk ndani ya muda mfupi hujaigusa kabisa.

Kikojozi wa Bara

Nimekaa paleee na karanga zangu.

FundiChogo

Mbishi, daftari moja linapikika, nakubali.

Ila kuna daftari la pili, la Furuseth, meli ya mizigo aliyokuwamo shahidi. Hiyo ilifika Marekani Oktoba 4, ikaondoka Norfolk na msafara Oktoba 25, ikafika Oran, Algeria, Novemba 12. Oktoba 28, tarehe ambayo wasimuliaji wengi wanaipenda, Furuseth iko Atlantiki na Eldridge iko New York. Nahodha wa Furuseth, William Dodge, aliandika barua kwamba yeye na watu wake hawakuona chochote cha ajabu. Ukitaka kupika hiyo, upike na kumbukumbu za misafara miwili, bandari ya New York, Bermuda na Casablanca. Chungu kimoja, wapishi bara mbili.

Na siri yenyewe walivyoitunza! Mwaka 1951 meli wakawapa Wagiriki. Wakaiita Leon, wakaitumia miaka arobaini, mwisho ikakatwa chuma chakavu. Mwenye chombo kinachoruka kutoka bandari hadi bandari anamgawia jirani?

La Norfolk lina maelezo ya kawaida sana. Baharia wa zamani wa manowari nyingine, USS Engstrom, anaitwa Edward Dudgeon, alimsimulia mtafiti Jacques Vallée: kuna mfereji unaounganisha ghuba ya Chesapeake na mto Delaware. Meli za mizigo zilizunguka nje baharini, siku mbili. Manowari zilikata kwa ndani, zikamaliza usiku mmoja. Baharia wa meli ya mizigo akikuona jioni Philadelphia na mwenzake akakuona asubuhi Norfolk, lazima washangae.

Huyo huyo Dudgeon alieleza na kipande kingine cha hadithi hii, cha mabaharia wawili kuyeyuka ndani ya baa. Mmoja alikuwa yeye. Ugomvi ulizuka, wao walikuwa hawajafikisha umri wa kunywa, wahudumu wakawapitisha mlango wa nyuma kabla doria ya jeshi haijaingia. Wahudumu walipoulizwa wakasema hatujawaona hao. Mwisho wa muujiza.

Kwa haki niseme: kumbukumbu za Dudgeon hazikubaliani na daftari kila mahali, kwa mfano yeye anaiweka Eldridge Philadelphia. Alisimulia miaka karibu 50 imepita. Kwenye tarehe nasimama na daftari, kwenye baa namwamini yeye. Habari ya mlango wa nyuma haitungwi.

DaktariWaMifugo

Shikamooni wakubwa. Fundi, watu wasije wakaelewa kwamba kila jaribio la siri ni chai. Liko la kweli na linahusu fani yangu.

Mwaka 1942 wanasayansi wa maabara ya kijeshi ya Porton Down, Uingereza, walichukua kisiwa kidogo cha Uskoti kinaitwa Gruinard. Mkuu wao Paul Fildes. Walitaka kujua bomu la kimeta litafanya kazi au la. Wakapeleka kondoo 60 hivi, wakawafunga kwenye mstari upande upepo unakoelekea, wakalipua. Wingu likapita juu yao. Siku chache kondoo wakaanza kudondoka mmoja mmoja. Walichukua na filamu ya rangi. Iliwekwa hadharani mwaka 1997, nimeiona, na kwa mtu aliyewahi kusimama zizini na kimeta haihitaji maelezo.

Angalieni sasa siri ya kweli inavyovuja. Mzoga mmoja ulisombwa na bahari ukatua ng'ambo, ukaua mifugo ya wanavijiji. Wakalipwa fidia na kupewa hadithi kwamba mzoga ulitupwa na meli ya Kigiriki. Maskini Wagiriki, kila uzi wanapita! Lakini ona: mizoga ipo, wenye mifugo wapo, malipo yapo, kisiwa kizima kina kibao cha kukataza watu kwa miaka 48.

Kwa nini miaka yote hiyo? Kwa sababu kimeta kikikosa mwenyeji kinajifunga kwenye ganda na kulala udongoni. Huku kwetu Monduli ng'ombe akifa ghafla, damu inatoka puani na haigandi, tunapiga marufuku kumchuna. Ukimpasua umekipa hewa, kinajifunga ganda, umepanda mbegu kwenye malisho ya wajukuu. Gruinard walikuja kukisafisha mwaka 1986, tani 280 za fomalini zilizochanganywa na maji ya bahari, zikamwagwa ardhini. Wakarudisha kondoo, wakabaki wazima. Aprili 24, 1990 naibu waziri wa ulinzi alivuka akakitoa kile kibao.

Mbishi Asilia

Umeona? Walikana, ikaja kuwa kweli. Kwa hiyo na meli siku moja itakuja kuwa kweli. Tuwe na subira.

FundiChogo

Hapana kaka, umegeuza shati ndani nje. Gruinard ushahidi ulitangulia, maelezo yakafuata. Watu waliona ng'ombe wamekufa kabla hawajajua kwa nini. Philadelphia maelezo yamejaa tele, ng'ombe hatujamwona.

Nikupe nyingine nipendayo. Novemba 1944 hadi Aprili 1945 Wajapani walirusha maputo zaidi ya 9,000 ya karatasi, kipenyo kama mita 10, yakabebwa na upepo wa juu kuvuka Pasifiki, yamening'iniza mabomu. Karatasi zilibandikwa kwa gundi ya kiazi, wasichana wa shule wakizigundisha kwa mikono. Marekani waliviomba vyombo vya habari vinyamaze, vikanyamaza kweli. Ila yalikuwa yanaokotwa! Wataalamu wa miamba wakachukua mchanga uliokuwa kwenye vifuko vya uzito, wakauweka chini ya hadubini, wakaangalia vigamba vya vijidudu vya baharini na aina ya chembe zake. Ukawapeleka mpaka kwenye fukwe za Japani. Mchanga tu. Na ule ukimya ukavunjika wenyewe Mei 5, 1945, karibu na Bly, Oregon, mama mjamzito na watoto watano walipouawa na puto walilolikuta msituni. Baada ya hapo walilazimika kutangaza ili watu wasiyaguse.

Mutoto wa Lushi

Jambo bandugu. Mimi niko Lubumbashi, Kiswahili yetu mtaizoea. Munaongea siri ya vita na hamutaji Shinkolobwe?

Mgodi uko huku Katanga, karibu na Likasi. Ulikuwa wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Vita ilipoanza Ulaya, mkubwa wao Edgar Sengier alihofia Wajerumani wasichukue madini, akapakiza tani zaidi ya 1,200 za mawe ya urani, zikafika New York mwaka 1940, zikawekwa kwenye ghala Staten Island. Zimekaa pale na karibu hakuna mtu aliyeuliza. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa bomu la atomiki akaingia ofisini kwa Sengier kuuliza habari za urani ya Congo, kumbe mzigo uko mjini hapo hapo. Biashara iliisha kama kwa nusu saa. Urani nyingi iliyotumika katika mradi ule ilitoka kwetu.

Hii ilikuwa siri kubwa kuliko zote za vita ile, lakini hesabu ya mapipa ilikuwepo, kampuni ilikuwepo, meli, ghala na malipo. Wachimbaji pia walikuwepo, walioshika yale mawe bila kuambiwa ni ya nini. Sengier alipata medali kutoka Marekani mwaka 1946. Ya wachimbaji sijaiona.

DaktariWaMifugo

Ndugu wa Lushi, hii ingestahili uzi wake. Anzisha, tutakuja.

MzeeWaChumbageni

Wanangu, mmezunguka Marekani, Uskoti na Japani, na Fundi anaishi Tanga. Ya nyumbani nani ataieleza?

Novemba 1914 Waingereza walileta hapa jeshi kutoka India, watu kama 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Wakashukia Ras Kasone. Mjerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 vita ikanoga kwenye mashamba ya minazi na mipira, na hapo nyuki wakatoka. Kikosi kizima cha watu wa India kilikimbia kikijipiga makofi. Waliporudi melini yakaanza maneno: Mjerumani ana silaha ya siri, ametega kamba zilizofungwa kwenye mizinga, ukijikwaa unafungulia nyuki.

Lugha yetu nayo ikasaidia. Mwambie mtu "Mjerumani alitumia mizinga", atajua mwenyewe aelewe ipi. Nilipokuwa mdogo nilisikia zote mbili barazani, jioni moja, kwa msimulizi mmoja.

Lettow mwenyewe aliandika kumbukumbu zake baada ya vita, na alikuwa mtu asiyeficha ujanja wake. Angekuwa ametega, angejisifu kurasa mbili. Alichoandika ni kwamba nyuki waliwashambulia na watu wake, bombomu (bunduki za rashasha) zake kadhaa zikanyamaza kwa sababu wapigaji walikuwa wakijiokoa. Mizinga ya magogo ilikuwa mitini kwa ajili ya asali, kama kawaida. Risasi zikaipasua, nyuki wakauma aliye karibu. Ila ukiwa jenerali mwenye watu 8,000 na umefukuzwa na watu 1,000, umeacha na bunduki kwa mamia ufukweni, utasema nini London? Nyuki wa kufundishwa wanasaidia. Hata hivyo Aitken hawakumsaidia, uongozi alinyang'anywa.

Mbishi Asilia

Mzee shikamoo. Hapo umenigusa. Sisi ni watu wa Muheza, na kwenye ukoo tunaambiwa babu yake babu alikuwa mmoja wa waliotungika ile mizinga kwa amri ya Mjerumani. Kwa hiyo tumedanganywa?

MzeeWaChumbageni

Marahaba mwanangu. Babu yenu huenda aliitungika kweli. Alitaka asali.

Kikojozi wa Bara

😂😂😂 Karanga zimenipalia.

Mbishi Asilia

Sawa, leo nimekaa. Ya meli bado nina maswali, nitarudi nayo. Fundi, ile koili bado unayo? TV ya bi mkubwa ina doa la kijani kona ya chini, amekataa kununua flati.

FundiChogo

Ninayo. Ilete Jumamosi, na kabla ya kuibeba angalia kama spika ya redio yake haijaegemea hapo hapo kwenye hiyo kona.

Mbishi Asilia

...imeegemea.